Gitaa Jekundu na Pikapu Zake: Maneno ya Wapiga Vyombo Siku ya Jubilii

 



Historia ya kwaya hii kwa miaka yake 25 imeandikwa na katibu katika kurasa za mbele, na ameiandika vizuri. Sisi wapiga vyombo tumepewa nafasi ndogo, na tunajua kwa nini. Mwaka mzima tumeulizwa swali moja, mkutanoni, njiani, hata kwenye foleni ya kinu cha posho: pesa za tai zilikwenda wapi? Leo mnatuona wanaume wa kwaya tumesimama na tai za zamani, nyingine zimepauka mpaka hazijulikani kama ni za buluu au za kijivu. Pesa za tai mpya zilikwenda kwenye gitaa. Tumeombwa tueleze, na tutaeleza zote, pamoja na zile tulizopoteza.

Gitaa lenyewe mnalijua. Ni lile jekundu, lenye alama ya kuungua pembeni mahali mtu aliweka mshumaa wakati wa mkesha. Lilinunuliwa Kitale mwaka 2003, likiwa limeshatumika. Mwenyekiti wetu wa kwanza, ambaye hayupo nasi tena, aliuza magunia sita ya mahindi yake mwenyewe kulinunua, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Hatukujua mpaka baadaye kwamba nyumbani kwake palikuwa na maneno kuhusu magunia hayo. Mama yetu, mjane wake, ambaye wengi tunamwita Kukhu, ameketi hapa mbele, na tukikosea atatusahihisha.

Wakati huo kanisa halikuwa na stima. Tulitumia jenereta ndogo iliyowekwa nyuma ya choo ili isisikike, na bado ilisikika. Stima ilipofika mwaka 2016 tuliimba mpaka usiku. Lakini tangu siku hiyo gitaa likaanza kuvuma. Ukiliwasha tu, kabla hujagusa uzi, spika inatoa mvumo kama mzinga wa nyuki uliogongwa na fimbo. Mchungaji anaomba, mvumo upo. Mama anatoa ushuhuda, mvumo upo. Mpiga solo wetu akawa anashika kitufe cha sauti kuliko anavyoshika nyuzi. Wengine walisema ni mkono wake mbaya. Maneno yalirushwa, na sisi wenzake hatukumtetea. Mwaka 2021 akaacha vyombo, akarudi kukaa viti vya nyuma karibu na mlango. Hilo tunalisema mbele ya watu kwa sababu lilisemwa mbele ya watu.

Mwaka uliofuata mwenyekiti wetu wa kwanza akalala. Tulikwenda kumzika Jumamosi, chini ya turubai, tukiwa na gitaa lake na kijana aliyekuwa amejifunza miezi michache. Ubeti wa pili wa wimbo alioupenda, kijana akasukuma swichi katikati, gitaa likanyamaza kabisa. Tulimalizia kwa midomo na makofi. Wageni walidhani tumepanga hivyo. Sisi tulijua.

Kwenye mkutano baada ya matanga, wengi walitaka gitaa liuzwe, tuongeze pesa tununue kibodi kubwa, maana siku hizi kibodi ina sauti ya gitaa ndani yake. Kukhu alikuwa amealikwa kwa heshima tu. Akaulizwa maoni yake. Akasema, “Mkiliuza, mnirudishie magunia yangu sita.” Watu wakacheka. Halafu tukaona yeye hacheki. Ikaamuliwa gitaa litengenezwe.

Tulilipeleka kwa fundi wa redio hapa sokoni, mtu mpole anayefanya kazi na miwani iliyofungwa kwa waya. Alifungua skrubu, akaweka mita yake, akasema shida iko kwenye pikapu. Katibu alipoandika kwenye kumbukumbu “kununua pikapu tatu”, mzee mmoja wa kanisa akasimama na kuuliza kama kwaya sasa inafungua kampuni ya usafiri. Kwa hiyo ni vizuri tueleze pikapu ni nini.

Chini ya nyuzi za gitaa la stima kuna vile vijumba vitatu vya plastiki. Ndani ya kila kimoja kuna sumaku, na kuzunguka sumaku kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, stima ndogo sana huzaliwa ndani ya waya ule, na amplifaya huikuza mpaka ijaze kanisa. Pikapu haisikii mbao wala mdomo wako. Inasikia chuma kinachotikisika karibu na sumaku yake. Ndiyo maana jaribio letu la kwanza kabisa, ambalo halimo kwenye hesabu kwa kuwa halikugharimu kitu, lilituaibisha. Mzee wetu wa litungu alipoona fundi ametoa pikapu mezani, akaomba ishikwe chini ya litungu lake asikie. Tulishika, tukaongeza sauti, akapiga. Kimya. Nyuzi za litungu lake ni za nailoni, na sumaku haina habari na nailoni. Alitutazama kama watu tuliomdanganya. Litungu linaendelea kuwekewa maikrofoni, na ni sawa hivyo.

Mita ya fundi ilionyesha hivi. Pikapu ya shingoni ilikuwa na omu 5,800, ya mwisho karibu na daraja omu 6,100, nazo zote mbili zilikuwa hai. Ya katikati haikuonyesha kitu. Waya wake ulikuwa umekatika mahali fulani ndani ya maelfu ya mizunguko ile, na hakuna jicho la kuutafuta. Ndiyo iliyotunyamazia makaburini.

Hapo mtu mwenye akili angenunua pikapu moja. Sisi tulitaka kuondoa na mvumo pia, kwa hiyo tukataka tatu, na za kisasa. Tulikuwa tumesikia habari za pikapu zenye koili mbili. Mhandisi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, Seth Lover, ndiye aliyeiombea hataza ya aina hiyo mwaka 1955. Koili mbili hukaa bega kwa bega, waya umezungushwa kwa njia mbili tofauti na sumaku zimegeuzwa. Mvumo wa stima unaingia kote kuwili na kujifuta wenyewe, lakini sauti ya nyuzi inajumlishwa. Ni jambo la ajabu ukilifikiria, na fundi wetu alitueleza mara tatu kwa mikono yake miwili kabla hatujalielewa.

Basi watu wawili wakatumwa mjini na shilingi 4,000. Wakarudi na pakiti yenye jina kubwa na picha nzuri. Fundi akafungua kimoja mbele yetu: kwa nje ni cha koili mbili, kwa ndani kuna koili moja na kipande cha plastiki kimewekwa kujaza nafasi. Zaidi ya hayo hazikuingia kwenye tundu la gitaa bila kuchonga mbao. Tuliporudi dukani tulioneshwa karatasi ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. Shilingi 4,000 za tai zilikwenda hapo. Waliotumwa hawakuiba. Walinunua kwa macho, na hata sisi wengine tungekuwepo tungenunua vilevile.

Jaribio la pili halikutugharimu kitu. Kijana wetu mmoja anayefanya kazi Nairobi alikuja likizo na pikapu zake mwenyewe, zile nyembamba zenye koili mbili zilizobanwa ili ziingie kwenye tundu la moja. Fundi akazipima: zaidi ya omu 14,000 kila moja. Zina sumaku ya seramiki na nguvu nyingi. Tukazifunga Alhamisi jioni. Tukawasha. Kimya! Hakuna mvumo. Vijana waliruka juu, na tusiseme uongo, hata sisi wenye mvi tuliruka.

Halafu tukaanza kuimba. Tuliweka utaratibu ambao tunawashauri kwaya nyingine wauchukue: wimbo mmoja uleule, amplifaya ileile, vitufe havisogezwi, na akina mama wanne wa alto wameketi nyuma wakitazama ukuta ili wasijue kilichofungwa ni kipi. Tukapiga nyimbo tatu za haraka, wote wakasema vizuri. Tukapiga wimbo wa pole pole wa Kibukusu, mama mmoja akainua mkono akasema, “Gitaa nalisikia. Maneno siyasikii.”

Hapo ilibidi turudi nyuma kidogo tujiulize gitaa hili lilikuwa likipigwaje. Gitaa la stima limetoka mbali. Magitaa ya kwanza ya pikapu yaliuzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, na hapa kwetu Kenya Fundi Konde wa pwani anatajwa miongoni mwa waliotangulia kulishika. Lakini upande wetu wa magharibi vidole vilijifunza kwenye gitaa kavu la sanduku. George Mukabi wa Kisa na wale Abana ba Nasery wa Bunyore walipiga kwa kidole gumba na cha shahada, gumba likishika besi, kidole kikiimba juu, na mwenzao akigonga chupa ya soda. Mtindo huo unaitwa omutibo. Mwenyekiti wetu alipiga hivyo hivyo, hata baada ya kupata gitaa la stima. Kila noti ilisimama peke yake na kati ya noti na noti palikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo kwaya ilimoweka maneno yake.

Pikapu zile zenye nguvu zilijaza nafasi hiyo. Noti zilishikana kama ugali uliozidi maji. Kwa nyimbo za kurukaruka zinafaa sana, na kijana wetu anapozipiga huko Nairobi zinapendeza. Kwetu zilikuwa zinaimba juu ya waimbaji. Vijana hawakukubali upesi. Walisema wazee wamezoea sauti ya zamani tu, na huenda kuna ukweli ndani yake. Tulibishana majuma matatu, mazoezi mawili yakavunjika, na mwishowe mwenye pikapu mwenyewe akazihitaji akaondoka nazo. Hivyo ndivyo ubishi ulivyokwisha, kwa basi la usiku.

La tatu lilitoka Doha. Binti mmoja wa kwaya hii anafanya kazi huko. Alisikia habari zetu kwenye simu, akanunua seti ya pikapu tatu za koili moja zenye sumaku ya alniko, akamkabidhi mwenzake aliyekuwa anarudi nyumbani. Hakudai senti. Ya katikati katika seti hiyo imegeuzwa, waya na sumaku, kwa makusudi: swichi ikikaa kati ya mbili, ya katikati na jirani yake zinashirikiana kuua mvumo kama zile za koili mbili, ila sauti inabaki nyepesi.

Tulizifunga zote tatu. Sauti safi. Ila swichi ikikaa kwenye moja peke yake, mvumo ulikuwa uleule wa 2016! Hapo mtunza hazina alitoka nje akakaa chini ya mti.

Fundi hakusema kitu. Aliweka kiganja juu ya nyuzi. Mvumo haukubadilika. Akagusa chuma cha tundu la waya wa gitaa. Mvumo ukashuka nusu. Akageuza gitaa, akafungua kifuniko cha nyuma, akatuonyesha waya mmoja mdogo uliopaswa kuunganisha nyuzi na upande wa ardhini. Ulikuwa umeng'oka. Huenda uling'oka siku ile tulipobadilisha springi, maana tulifanya wenyewe, kwa kisu. Halafu akatuuliza, “Jumapili linavuma kama Jumamosi?” Tukafikiri. Kwa kweli Jumapili ni nafuu. Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara: kinu cha posho. Jumamosi mota inasaga, na kelele zake zinapita kwenye nyaya za stima mpaka kwetu.

Mwisho akapima soketi za kanisa. Waya wa kwenda ardhini, ule mafundi wanaouita athi, haukuwa umefika popote. Uliishia ukutani. Wapendwa, hapa tunaomba mtusikilize hata kama habari za magitaa zimewachosha. Mpiga besi wetu alikuwa akipigwa na stima mdomoni kila alipogusa maikrofoni huku ameshika nyuzi, na tulikuwa tunamcheka. Tulidhani ni mzaha. Fundi hakucheka. Alisema siku moja mtu angeanguka hapo mbele na asiamke. Tulinunua fimbo ya shaba, fundi wa stima mwenye leseni akaja akaichimbia nyuma ya kanisa na kuunganisha soketi zote. Ninyi wa kwaya nyingine, kabla ya kununua chochote, pimeni soketi zenu.

Waya mdogo ukachomelewa kwa risasi, tundu la gitaa likavikwa karatasi ya shaba kwa ndani, na mvumo ukapungua mpaka ukawa kitu cha kutafutwa kwa sikio. Yaani sehemu kubwa ya tatizo la miaka sita haikuwa kwenye pikapu. Wala haikuwa kwenye mkono wa mpiga solo wetu. Watatu kati yetu tulikwenda nyumbani kwake jioni hiyo. Tulichoongea hakiandikwi kwenye kitabu, lakini Alhamisi iliyofuata alikuja.

Ni yeye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: kama mvumo ulikuwa wa waya na wa athi, kwa nini tumetoa pikapu mbili za mzee ambazo bado ni hai? Tukaona ni kweli. Akapendekeza za zamani zirudishwe shingoni na darajani, na ile moja ya Doha iliyogeuzwa ikae katikati, mahali pa marehemu. Fundi akazikutanisha uso kwa uso mkononi: pikapu zenye sumaku za upande mmoja husukumana, na za pande tofauti huvutana. Zikavutana. Akasema zitapatana. Alipoziunganisha mara ya kwanza, swichi ikiwa kati ya mbili, sauti ilitoka nyembamba kama redio iliyofungiwa kwenye mkebe, na mvumo ukapanda. Akabadilisha nyaya mbili za ile mpya, hii hapa, ile pale, sauti ikajaa na mvumo ukafa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya bisibisi. Pikapu ikiwa karibu mno na nyuzi, sumaku inazivuta na gitaa linapotoka hata ukilikaza vipi. Ikiwa mbali, sauti inalala. Mpiga solo alikaa jioni mbili akizungusha skrubu robo kwa robo, milimita mbili au tatu chini ya nyuzi, upande wa besi chini kidogo kuliko upande wa juu. Sisi tulikuwa tumechoka, yeye alikuwa anafurahi.

Hesabu ni hii. Pakiti ya mjini, shilingi 4,000, imepotea. Nauli, 600. Fundi wa redio, 2,000, na alistahili zaidi. Waya, risasi na karatasi ya shaba, 850. Fimbo ya athi na kazi yake, 2,400. Jumla ni shilingi 9,850. Risiti ziko kwa mtunza hazina, isipokuwa ya nauli, na kila mtu anajua makanga hatoi risiti.

Jumapili ya kwanza tulipopiga tena hatukutangaza kitu. Wengi walisikia tu kwamba hakuna mvumo. Baada ya ibada Kukhu alikuja pale kwenye vyombo, akasimama, akauliza nani amerudisha zile za mzee. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba zilitolewa.

Pikapu mbili za Doha zilizobaki ziko kwenye bahasha, nzima, zimepimwa. Binti yetu amekubali zitolewe. Kama kuna kwaya kati yenu yenye gitaa lililonyamaza, mwoneni mtunza hazina baada ya chakula, na mje na gitaa lenyewe, tutapima kwanza waya.

Sasa tunaomba kwaya isimame. Mpiga solo, weka swichi kati ya shingoni na katikati. Wimbo ni ule tuliokatiwa makaburini, tunaanzia ubeti wa pili.